Mishale ya dashibodi inaongopa: nirudi kwa fundi, ninunue dashibodi nyingine, au nifanye mwenyewe?

Kijana_Isyesye
Wakuu, poleni na baridi. Wiki iliyopita nilipeleka gari Mwanjelwa kuwekewa balbu za bluu kwenye dashibodi. Fundi akang'oa mishale yote, akairudisha. Usiku inapendeza, ila inaongopa. Nimebaki na njia tatu: kurudi kwa fundi yule yule (anataka elfu arobaini nyingine, fikiria!), kununua dashibodi ya mtumba kwa laki na nusu, au kununua kijiko cha kung'olea mishale na kufanya mwenyewe. Jumamosi naenda msibani Makambako, nataka niamue kabla ya hapo. Mnashaurije?

Fundi_Uyole
Gari gani? Mwaka gani? Inaongopa kwenda juu au kwenda chini? Ukisimama inasoma ngapi? Unakuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Tukuyu_Kwetu
Nunua dashibodi ya mtumba. Chomoa soketi, chomeka, twende. Mambo ya kuhangaika na mishale ni kupoteza muda.

Fundi_Uyole
@Tukuyu_Kwetu na kilometa je? Kwenye gari zenye kilometa za digitali, namba imehifadhiwa kwenye chipu ya dashibodi yenyewe. Ukifunga ya mtumba unavaa kilometa za gari la marehemu. Siku ya kuuza utamweleza nini mnunuzi?

Tukuyu_Kwetu
Kwani nani Mbeya hii anaamini kilometa za gari?

Kijana_Isyesye
Samahani wakuu. Ni Premio ya 2003, automatiki. Ikiwa imesimama mshale wa spidi unakaa kwenye 10. Spidi ya simu (GPS) ikisema 60 dashibodi inasema 71, simu ikisema 80 inasema 91. Rpm (mizunguko ya injini) ikiwa silensa, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta, inasoma 1,300 ila gari imetulia kabisa, haitetemi wala haivumi. Mafuta nilijaza fulu pale sheli, mshale ukagoma robo tatu. Joto sijaangalia.

Mnyalukolo
Kamwene wote. Hapo kwenye "joto sijaangalia" ndipo nimeweka chai chini.

Mwaka juzi na mimi nilitolewa mishale, na fundi wa mji mwingine, simtaji. Spidi na rpm alivipanga vizuri nikamsifu. Wa joto aliurudisha injini ikiwa ya moto akauweka kwenye C (baridi), kwa sababu kwa akili yake mshale "huanzia pale". Mimi nikawa natembea na mshale uliotulia chini ya nusu, moyo mweupe. Natoka Morogoro nikaanza kupanda Kitonga nyuma ya semi la mbao, namba mbili, dirisha wazi. Nikasikia harufu tamu kama ya peremende iliyoungua. Nikajua ni breki za semi. Mke wangu akasema "baba, hiyo harufu ni ya kwetu." Nikamwonyesha mshale: ona, umetulia. Kona mbili mbele gari ikakosa nguvu, boneti ikaanza kutoa mvuke. Nikaegesha kwenye ukingo, mshale bado haujafika hata katikati! Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha, na hedi imepinda. Tulivutwa hadi Ilula usiku. Gharama yake ningenunua dashibodi sita.

Ndugu yangu, spidi ikiongopa utalipa elfu thelathini ya trafiki. Joto likiongopa utalipa injini.

Mama_Viazi_Mbalizi
Pole sana baba. Hiyo harufu tamu ni kulanti, yale maji ya kupozea injini. Mimi kwenye Noah yangu niliambiwa: ukiinusa ndani ya gari usibishane na mke.

Fundi_Uyole
Sasa tuongee. Kosa lako la spidi ni lile lile chini na juu: kumi ukiwa umesimama, kumi na moja kwenye 60, kumi na moja kwenye 80. Hapo mota ya geji ni nzima, mshale ndio umekaa vibaya kwenye kijiti chake. Kosa lingekuwa linakua kadiri spidi inavyopanda, ningesema kitu kingine. Dashibodi mpya huhitaji.

Dereva_Costa
Umebadilisha tairi?

Kijana_Isyesye
Ndiyo, mwezi wa nne. Nilitoka 185/70R14 nikaweka 195/65R15 na rimu zake.

Dereva_Costa
Basi kesi imekwisha! Tairi ndizo zinazoongopa. Mnamwonea fundi bure.

Fundi_Uyole
Hapana kaka. Piga hesabu. Tairi ya zamani ina kipenyo cha kama sentimita 61.5, mpya 63.5. Tofauti ni asilimia tatu tu. Tena tairi kubwa linafanya dashibodi isome CHINI ya mwendo halisi, na yeye inasoma juu. Na tairi haliwezi kusogeza mshale gari ikiwa imeegeshwa nyumbani Isyesye.

Dereva_Costa
Miaka 18 njia ya Mbeya–Tunduma, tairi zinabadilisha spidi, usinifundishe.

Fundi_Uyole
Sijakataa zinabadilisha. Nimesema ngapi na upande gani.

Mwalimu_Tosamaganga
Niongeze jambo. Hata gari jipya huzidisha kidogo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema spidomita isisome chini ya mwendo halisi hata siku moja, lakini inaruhusiwa kuzidisha hadi asilimia kumi na kilometa nne juu yake. Maana yake ukiwa kwenye 80 halisi, ikisoma 92 bado ipo ndani ya kanuni. Usihangaike kuilinganisha na simu mpaka iwe sawasawa.

Tukuyu_Kwetu
Kwa hiyo mwalimu unasema asitengeneze?

Mwalimu_Tosamaganga
Sijasema hivyo. Gari lililoegeshwa haliendi kilometa kumi kwa saa.

Kijana_Isyesye
Sasa nikifanya mwenyewe naanzaje? Na kijiko ni kweli?

Fundi_Uyole
Vijiko viwili vya chai, kimoja kila upande, chini yake kitambaa usikwaruze uso. Nyanyua wima. USIZUNGUSHE mshale kwa nguvu kurudi nyuma ya kituo chake, ndani kuna gia za plastiki ndogo kama punje za ulezi.

Rpm: azima kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu. Injini ikipata moto, ikisema 750, bandika mshale kwenye 750. Joto: kidude kikisoma nyuzi 90, bandika chini kidogo ya katikati. Mafuta: fulu, funguo ON, subiri dakika mbili utulie, bandika kwenye F. Spidi fanya mwisho, funguo ON, kwenye sifuri, halafu ingia barabarani na mtu wa kushika simu. Usikandamize mshale hadi chini. Acha nafasi ya unene wa kadi ya vocha, la sivyo utakwaruza uso na kukwama kwenye 40 kila asubuhi.

Mnyalukolo
Ulipiga picha ya dashibodi kabla fundi hajang'oa mishale?

Kijana_Isyesye
Hapana.

Mnyalukolo
Sawa.

Dereva_Costa
Simu nayo ikipita kwenye miti mirefu pale Sao Hill inapoteza satelaiti. Mimi nasema mpelekee fundi wake arekebishe bure, kosa ni lake.

Mama_Viazi_Mbalizi
Kumlipa tena elfu arobaini kwa kosa lake mwenyewe? Mwambie nitakuja kukaa hapo kwenye benchi lake mpaka amalize.

Tukuyu_Kwetu
Na hizo balbu za bluu zitoe. Ukungu wa Isongole usiku na dashibodi ya bluu, utaona macho mawili mbele kumbe ni yako kwenye kioo.

Kijana_Isyesye
Balbu haziondoki, nimezilipia 😂 Ndaga fijo wakuu. Joto nitaliangalia leo jioni. Kuna mtu wa Soweto au Kabwe ana kile kidude aniazime hadi Ijumaa?

Dereva_Costa
Mimi ninacho lakini kinasoma dizeli tu.

Fundi_Uyole
Hakuna kidude cha hivyo.

Dereva_Costa
Njoo ukione.