Baharia kafiwa katikati ya giza, mgawo nimkate?

Tajiri_Igombe: Wakuu, nina mitumbwi ya dagaa. Sasa ni giza, ndiyo msimu wetu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, tunapaki. Baharia wangu kafiwa na mama, kaenda Ukerewe kuzika. Hapa mwaloni wananiambia nikianza huruma nitazoeleka.

MamaMwanikaji: Poleni. Mimi naanika. Mvua ilinyeshea mzigo ukiwa bado mchangani, ukageuka wa kuku. Tajiri mmoja alitaka hela yake jioni ileile, tena kwa matusi. Mwingine alichota kiganjani, akanusa, akasema: "Mama, hawa tuwauze kwa wa chakula cha kuku, deni tutaongea." Leo nikipata dagaa safi, unadhani nampigia nani kwanza?

Nahodha wa Zamani: Mpe, ila usiguse mgawo wa wenzake waliokesha ziwani, watanuna. Toa kwenye fungu lako. Na rambirambi usiitume kwa simu, panda meli ya Nansio uende mwenyewe.

Tajiri_Igombe: Fungu langu tena, mzee! Mafuta ya injini yenyewe nadaiwa. Haya, ngoja nimpigie nijue wanazika lini.