Riba ikipanda Kampala, mzigo anaubeba nani?

Mwalimu wa Arua: Ndugu zangu, mwaka 2011 mfumuko wa bei ulipita 30%, Benki Kuu ya Uganda ikapandisha riba yake, ile inayoongoza riba za benki nyingine, hadi 23%. Bei zilishuka baadaye, sikatai. Lakini chakula kilipanda kwa sababu ya ukame, si kwa sababu maskini walikopa kupita kiasi. Kwenye nchi yenye pengo la tajiri na maskini kama letu, dawa moja itawatibuje wote?

Kikuubo Halisi: Mwalimu, Januari 2012 sisi wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, tulifunga maduka Kampala kwa ajili ya riba hiyohiyo. Tulioumia ni sisi wenye mikopo. Mtu wa kijijini hana deni benki, riba inamhusu nini? Na hawa vijana wa bodaboda hata kuweka akiba hawajui.

Boda wa Mbale: Mzee, hapo kwenye akiba umenichoma. Pikipiki yangu ni ya mkopo. Kila wiki napeleka rejesho, mvua ije isije. Nina watoto watatu shuleni. Hiyo unaiitaje?

Kikuubo Halisi: Kulipa deni si akiba, kijana.

Mama Samaki, Jinja: Shemeji wa Kikuubo, huyo wa kijijini sukari na sabuni anazitoa wapi kama si kwako? Riba yako unaipakia kwenye bei, analipa yeye ambaye benki haijui hata mlango wake. Na kikundini kwetu tunaweka kila Jumapili, sanduku lina kufuli tatu. Usiseme wanyonge hawaweki.

Mkulima Kapchorwa: Si kuna PDM, ule mpango wa serikali wa mikopo kwenye parokia? Shilingi milioni moja kwa 6% kwa mwaka.

Boda wa Mbale: Hiyo ni ya wenye shamba. Mimi wa mjini nakwenda kwa mkopeshaji wa mtaa. Serikali iliwawekea kikomo cha riba mwaka 2024, 2.8% kwa mwezi. Wangu anataka 10.

Mwalimu wa Arua: Na hata hiyo 2.8 piga mara 12, ni zaidi ya 33%. Benki Kuu ikishusha yake kwa nusu ya asilimia moja, huyu kijana haioni. Jamani, turudi hapo.

Boda wa Mbale: Kwanza mzee afute neno lake.

Kikuubo Halisi: Sifuti. Lakini niambie, rejesho lako ni kiasi gani kwa wiki?

Boda wa Mbale: Futa kwanza, ndipo nikwambie.