Nina siko seli, intani ya udaktari nitaiweza?

Mwanafunzi_SS: Wakuu habari zenu. Nasoma udaktari nakaribia kumaliza, nina siko seli tangu utotoni. Masomo hayanisumbui, hofu yangu ni intani, ule mwaka wa mazoezi hospitalini baada ya chuo, maana mtu anaunganisha usiku na mchana hata maji anasahau kunywa, na mimi nikikosa maji na usingizi maumivu ya mifupa hayachelewi. Nimwambie bosi mapema au ninyamaze wasije wakaniona mzigo?

Dokta_wa_watoto: Mimi pia ni SS, yani nina siko seli kama wewe. Mwambie, tena kabla hujaanza. Krisisi, yale maumivu makali ya ghafla, ikikukuta zamu ya usiku hakuna anayejua, wenzako wanahangaika na wagonjwa wako na wewe juu, hapo ndo lawama zinaanza. Omba zamu za usiku zisifuatane na siku ya kliniki yako iheshimiwe. Chumba cha upasuaji vaa fulana ya joto ndani, baridi ya kule sio ya kuchezea. Alafu homa usijikaze nayo hata kama wodi imejaa, wengu wetu haulindi mwili na maambukizi kama wa wengine. Na mgonjwa mwenye kirusi cha parvo B19, kama wewe hujawahi kukipata mwachie mwenzako, kile kirusi kinasimamisha uboho kutengeneza damu na chembe zetu nyekundu zinaishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120, yani damu inashuka ghafla.

Nesi_zamu: Mwambie na mwenzako mmoja wa zamu, ajue dawa zako za maumivu. Nimeshaona mgonjwa wa siko seli anaomba morfini anatazamwa kama teja, inauma sana, na koti jeupe halitakukinga na hilo.

Msomaji: Mgonjwa wa kwanza kuandikwa kwenye jarida la tiba kuwa na chembe za umbo la mundu alikuwa Walter Clement Noel wa Grenada, alikuwa anasomea udaktari wa meno Chicago. Daktari Herrick alichapisha 1910, ila aliyeziona kwanza kwenye damu ni daktari wake wa mazoezi (intani), Ernest Irons. Noel alimaliza akarudi kwao kung'oa meno ya watu mpaka alipofariki 1916 kwa nimonia, na hakuwa na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza krisisi, wala antibiotiki!

Mwanafunzi_SS: Asanteni sana, haidroksiyurea natumia, barua kwa bosi naandika wiki hii. Dokta, watoto ulichagua au mwili ulikulazimisha?

Dokta_wa_watoto: Nilitaka upasuaji, nyonga iliyoharibiwa na siko seli ikakataa kusimama masaa yote yale. Watoto nawapenda kweli, ila wewe piga picha ya nyonga kabla hujachagua.