Naunda lugha yangu ya programu, naomba ushauri kabla sijafika mbali

mwandishi_wa_usiku: Wakuu, huu mwezi wa nane naandika kompaila yangu, yaani programu ya kutafsiri lugha yangu ili kompyuta iielewe, kila nikitoka kazini. Kilichonisukuma ni hasira. Programu tunayoihudumia ilianguka mara tatu kwa kosa lile lile: kigeu (jina linalobeba thamani) tulichodhani kina kitu kikakutwa kitupu. Kwa hiyo lugha yangu haina thamani tupu (null) kabisa, na nukta-mkato za kufunga kila amri nimezifuta. Rafiki yangu ananiambia niache, lugha zimejaa. Niendelee?

Kipanga: Kwenye thamani tupu uko sahihi, mkuu. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyeiingiza katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, mwenyewe aliiita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni. Aliiweka kwa kuwa ilikuwa rahisi mno kuitekeleza. Sasa nijibu hili: mtu akitafuta jina kwenye orodha akalikosa, lugha yako inamrudishia nini?

mwandishi_wa_usiku: Kwa sasa programu inasimama.

Kipanga: Basi bado inaanguka, umebadilisha mahali tu. Tazama lugha ya Rust: jibu linakuja limefungwa ndani ya Option, kifurushi chenye thamani au kisicho na kitu, na kompaila haikuruhusu kulitumia mpaka useme utafanya nini likikosekana. Hapo ndipo penye kazi yako, na mimi ningekaa hapo hata miezi miwili.

binti_tarakilishi: Kaka, hizo nukta-mkato usizifute kwa pupa. Kwenye JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, andika return (amri ya kurudisha jibu), shuka mstari, ndipo uweke thamani. Lugha inajiwekea nukta-mkato yenyewe baada ya return, na thamani yako inapotea kimya kimya. Amua mapema mstari unaishia wapi, na kanuni iwe moja.

Na ninaposema mapema namaanisha sasa. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10 mwaka 1995, na mpaka leo typeof null, yaani ukiiuliza thamani tupu ni ya aina gani, inajibu "object" (kitu). Kila mtu anajua ni kosa, ila kulirekebisha kungevunja kurasa zilizokwisha kulitegemea. Lugha ya Python nayo: Python 3, iliyovunja mambo ya Python 2, ilitoka 2008, na Python 2 ikaendelea kuhudumiwa hadi 2020. Wewe hujawa na watumiaji. Vunja unachotaka.

mzee_wa_C: Endelea, kijana. Ila andika kwa lugha yako kitu unachokihitaji kweli, si mifano ya kujumlisha namba.

mwandishi_wa_usiku: Shukrani wakuu. Leo nimejaribu kuandika kisoma-faili, na faili lisipokuwepo sina cha kurudisha. Naanza na Option.