Naomba ushauri: mama wa kanisani ameacha dawa za presha baada ya kuombewa

Wapendwa, shikamooni wakubwa. Mimi ni nesi mstaafu, nipo Tukuyu. Tangu mwaka jana nawapima waumini presha kila Jumapili baada ya ibada, kwa mashine yangu mwenyewe. Wazo nililipata kwa mchungaji Granger Westberg wa Marekani, aliyeanzisha uuguzi wa parokia huko eneo la Chicago miaka ya 1980. Nesi wa namna hiyo hachomi sindano kanisani. Anafundisha, anasikiliza, anaomba na mgonjwa, kisha anamwelekeza hospitali.

Sasa kuna mama mmoja, ana presha ya siku nyingi. Aliombewa kwenye mkesha, akaacha dawa. Jumapili iliyopita nikampima mara mbili, ikasoma 180 kwa 110. Nikamsihi aende hospitali kesho yake. Akanijibu, "Dada, wewe imani yako ni ya vipimo." Nilikosa la kusema, na mvua yetu ile ya Rungwe ikanikuta bado nimesimama mlangoni.

Mzee mmoja wa kanisa anamuunga mkono. Mchungaji sijamwambia, maana siri ya mgonjwa ni siri, na kwetu jambo likishaingia kwenye maombi ya Jumatano limefika sokoni.

Je, nimwombe mama ruhusa kwanza ndipo nimwone mchungaji? Au nianze na binti yake, ambaye ndiye anayempikia? Na mliowahi kuongea na mtu wa hivi bila kuonekana mnapinga maombi, mlianzaje? Mimi mwenyewe naomba, jamani.