Mimba wiki ya 10, kliniki naanza lini?

Mwanamwalo_Ujiji: Habari zenu wadada, mimba ya kwanza hii, mama mkwe ananambia nisubiri tumbo lionekane ndo niende kliniki, eti mapema ni kujichoresha. Na mume yuko ziwani kwenye dagaa, nasikia bila mwenza wanakurudisha??

mama wawili: Nenda kesho mdogo wangu, kabla ya wiki 12 ndo vizuri, watakupima damu, mkojo, presha, kaswende na HIV. Mume hayupo? Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua, mi nilifanya hivo Kasulu wakanipokea bila neno.

Bibi Harusi: Na vidonge vya kuongeza damu unywe kila siku, ila usishushie na chai maana chai inazuia madini yasiingie mwilini, mi nilikuwa navitupa sababu ya kichefuchefu damu ikashuka nikakoma. SP, vile vidonge vya kuzuia malaria, zinaanza mwezi wa nne wa mimba hivi. Kula udongo wa pemba acha kabisa

mama wawili: Ukiona damu, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, usisubiri tarehe ya kadi, kimbia hospitali.

Mwanamwalo_Ujiji: Asanteni, kesho asubuhi kwa mwenyekiti. Mkwe ntamwambia naenda sokoni 😂