Kocha yuko Nairobi, mimi niko Songea, na swingi (namna ninavyozungusha fimbo ya gofu) inazidi kuharibika. Naombeni ushauri

Nyavu ya Dagaa:
Wakuu salaam. Nilianza gofu Lugalo nikiwa Dar, handikapu (mikwaju ninayozidisha juu ya kiwango cha kiwanja, ikipungua ndiyo vizuri) ikashuka mpaka 19. Mwaka jana nikahamishiwa Songea kikazi. Huku sijapata kiwanja wala mtu wa kunifundisha, kwa hiyo nimejitengenezea sehemu ya mazoezi nyuma ya nyumba: nyavu ya kuvulia niliyoagiza Mbamba Bay, nguzo mbili, zulia kuukuu, na kitambaa chekundu nilichofunga katikati ya nyavu kama shabaha. Kutoka kwenye mpira mpaka nyavu ni mita 3.

Nikapata kocha wa Nairobi anayefundisha kwa mtandao. Najirekodi, namtumia video mbili kwa wiki, ananirudishia ameichora mistari na sauti ya maelezo. Ananiambia fimbo yangu ikishuka inatoka nje ya mstari wa shabaha, inaukatiza kuja ndani upande wangu. Amenipa mazoezi ya kuitibu, miezi mitatu sasa. Mwezi uliopita nimeshuka Dar, wakuu, niliaibika. Dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, mpira unaanza vizuri halafu unakata kulia mpaka porini. Aini 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, mpira unakwenda kushoto moja kwa moja kama umetumwa. Nimemaliza raundi kwa mikwaju 108.

Tatizo ni mimi, kocha, au huu ufundishaji wa mbali? Video moja nimeiambatanisha.

Bao la Mkono:
Gofu kwa WhatsApp! Mkuu, hata kuogelea utajifunza kwa simu? Huyo anakula hela yako tu. Chukua likizo ya wiki moja, njoo kiwanjani, upate mtu wa kukushika mabega.

Nyavu ya Dagaa:
Bao, Songea mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900. Likizo yangu ina wenyewe: mke, shamba, na harusi za ukoo.

Kedi Mstaafu:
Kijana, nimebeba mabegi ya watu miaka 22, na nimeitazama video yako mara nne. Nakuona wewe, nauona mgomba, naiona ndoo ya bluu. Shabaha siioni. Sasa huyo kocha anajuaje umelenga wapi?

Hata kazini nilikuwa naliona hili. Mtu anapiga vibaya mashimo matatu, anaanza kulaumu mikono. Mimi nikisimama nyuma yake naona mabega yameelekea mti wa kulia na bendera ya shimo iko kule kushoto. Macho yanajua bendera ilipo, mabega hayajui. Basi akishuka na fimbo, mwili wenyewe unaivuta irudi kushoto ili kuokoa. Huko ndiko kukatiza kwako. Unatibiwa kikohozi wakati ndani mna moshi.

Fanya hivi. Simama kama unavyosimama siku zote, usijirekebishe hata kidogo. Mwite mtu alaze fimbo chini iguse ncha za viatu vyote viwili. Toka taratibu, rudi nyuma hatua tano, uchuchumae, uangalie fimbo inaelekea wapi. Ukirudi utuambie.

Bi Mchanga wa Nyali:
Namuunga mkono mzee wa mabegi, na naongeza la kamera. Mimi pia nilifundishwa kwa mbali mwaka mzima, kocha yuko Afrika Kusini, nami nachezea hapa Mombasa. Ilinisaidia sana, lakini miezi miwili ya kwanza ilikuwa bure kwa sababu ya mahali nilipoweka simu.

Simu yako iko nyuma ya visigino, halafu umeipinda kulia ili mpira uingie kwenye picha. Kamera ikitazama kulia, hata fimbo inayokwenda sawasawa kwenye shabaha itaonekana inakatiza kushoto. Na miguu iliyoelekea kulia itaonekana imenyooka. Yaani kosa lililopo linafichwa, na lile la kukatiza linaongezwa chumvi. Kocha wako si mwongo kaka, anasoma picha uliyompa.

Simu ikae kwenye mstari wa mikono, urefu wa mikono, itazame sambamba na mstari wa mpira na shabaha, na shabaha yenyewe ionekane kwenye picha. Rekodi kwa mwendo wa taratibu, picha 240 kwa sekunde kama simu inaweza. Halafu usiitume kama video ya kawaida, WhatsApp inaikamua mpaka fimbo inakuwa ukungu. Itume kama dokumenti.

Bao la Mkono:
Haya, hilo la kamera sikulijua. Naendelea kusoma kimyakimya.

Nyavu ya Dagaa:
Nimerudi. Nimenunua paipu mbili za kupitishia waya za umeme, nikazikata mita moja na nusu kila moja. Mwanangu ndiye aliyeniwekea paipu kwenye vidole. Nikarudi nyuma nikachuchumaa. Mzee, paipu inaelekea kwenye kitambaa chekundu chenyewe, katikati kabisa! Nikafurahi, nikajua niko sawa. Sasa kosa liko wapi?

Kedi Mstaafu:
Hapo hapo. Mpira ndio uelekee kwenye kitambaa, miguu ipite kushoto yake. Ni reli mbili: moja ya mpira, moja ya miguu, na reli hazikutani.

Bi Mchanga wa Nyali:
Na nyavu yako ndiyo imekuponza. Vidole vyako viko kama sentimita 65 kutoka kwenye mpira, sivyo? Kiwanjani, ukielekeza vidole kwenye bendera iliyo yadi 150, kosa ni dogo mno, halifiki hata nusu ya digrii. Lakini kwa mita 3, sentimita 65 hizo ni digrii 12. Ukiipeleka digrii 12 yadi 150 mbele, ni zaidi ya yadi 30 kulia. Nyuma ya nyumba umeufundisha mwili kusimama hivyo kila jioni, na ukifika Lugalo unasimama hivyohivyo.

Nyavu ya Dagaa:
Dada, nimekaa chini kwenye zulia nikacheka peke yangu. Mke akatoka kuuliza kuna nini.

Nimelaza paipu moja kutoka karibu na mpira kwenda kwenye kitambaa, ya pili sambamba nayo kwenye vidole. Nikisimama hivyo naona kabisa nimeelekea kwa jirani kushoto! Mpira ishirini za kwanza nilipiga kulia mwa kitambaa, zaidi ya kiganja kizima. Siku ya tano zikaanza kukigusa. Nimepiga video upya kama ulivyosema, nikamweleza kocha kila kitu. Amefuta mazoezi yote ya zamani, kasema kukatiza kupo lakini kidogo, na kwamba uso wa fimbo unagonga mpira ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia, kwa sababu mkono wangu wa kushoto unaishika fimbo kidhaifu. Sasa nafanya hilo moja tu. Dreva sijui itakuwaje, nashuka Dar mwezi ujao.

Kedi Mstaafu:
Ukiwa umesimama nyuma ya mpira, tafuta jani au alama ya nyasi iliyo hatua moja mbele yake kwenye mstari wa bendera, ulenge hiyo. Jack Nicklaus, yule bingwa wa gofu wa Marekani, alicheza hivyo maisha yake yote.

Handikapu Sita:
Nachelewa ila hili ni muhimu. Hizo paipu ni za mazoezini tu. Kwenye raundi huruhusiwi kulaza kitu chini kikusaidie kusimama, Kanuni ya 10.2b. Ukishasimama nacho, hata ukikiondoa kabla ya kupiga, mikwaju 2 ya adhabu iko palepale. Na tangu 2019 kedi, yaani mbeba mabegi wako, naye haruhusiwi kusimama nyuma yako kwenye mstari ukiwa unajipanga.

Kedi Mstaafu:
Ndiyo maana nikastaafu.

Nyavu ya Dagaa:
Nimeelewa mkuu. Paipu zinabaki Songea. Moja mwanangu ameshaifanya mti wa kuangulia maembe.